Mlango wa Chini, Upande wa Akina Mama

Nyie mnaoshika mlango wa kiwanja sasa mna simu. Mtu analipa, simu inalia, mnampisha, basi. Sisemi ni vibaya. Mjukuu wangu Atupele yumo kati yenu, na nasema hadharani kwamba ana jicho kali kuliko nililokuwa nalo mimi, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu, ingawa ni damu yangu. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza, "Bibi, hivi zamani kwa nini kiwanja kilikuwa na milango miwili na bei tatu?" Nikaanza kumjibu, mpira ukaanza, akaniacha na mdomo wazi. Ndiyo nimekaa niandike. Mwandiko ni wa darasa la nne, msomee kwenye mwanga.

Kazi sikuiomba. Nilikuwa nashuka mjini kutoka Matwebe na mkungu kichwani, nauza ndizi pale chini ya soko. Siku hiyo mwanamume mmoja alizibonyeza ndizi zangu zote, moja moja, halafu akasema hazijakomaa. Nikamwambia ameshazikomaza kwa vidole, sasa anunue. Akasema hanunui. Nikasema haondoki. Tukabishana mpaka watu wakajaa, na mwisho akanunua mkungu mzima na kuubeba mwenyewe. Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mnene mwenye miguu iliyovimba, anacheka mpaka anajipangusa macho. Huyo ndiye Mama Sekela, aliyeshika mlango wa chini wa kiwanja tangu mimi ni msichana. Akaniambia, "Wewe unafaa mlangoni. Jumamosi njoo na mwavuli."

Jumamosi nikaja na mwavuli. Mvua ilikuwa ile yetu ya Tukuyu, haipigi kwa hasira, inakaa tu kama mgeni aliyeleta begi. Mama Sekela akanionyesha vyombo vya kazi. Kigoda. Mfuko wa nailoni wa kuwekea tiketi, kwa sababu tiketi ikilowa inakuwa uji na mwenye uji mkononi atakuapia kwamba alilipa. Fimbo ya mpera, ambayo kwa miaka yote ile sikumpiga nayo mtu, ila hawakujua. Akanifundisha kuchana tiketi kwa mkono mmoja, kidole gumba kikikaa kwenye mkunjo, ili mkono wa pili ubaki huru kumshika bega anayetaka kupenya. Tiketi inachanwa mara moja, haichezewi. Ukiichezea, foleni nyuma inaanza kusukuma, na foleni ya watu waliosikia filimbi haina adabu.

Bei zilikuwa tatu. Mlango wa juu, wa barabarani, uliingia kwenye jukwaa la mabati. Pale kiingilio kilikuwa karibu sawa na mkungu mzuri sokoni. Mlango wa chini, wa migombani, uliingia kwenye ukingo wa nyasi ng'ambo ya uwanja. Pale ulilipa kama bei ya fungu la viazi. Na akina mama, hapo hapo chini, nusu ya hiyo.

Hiyo nusu ilinitafutia maneno mengi. Kuna fundi baiskeli mmoja alikuja akasema, "Mama, mke wangu yuko nyumbani anaumwa. Nipe mimi bei yake."

Mama Sekela akamjibu, "Njoo na kanga yake, uingie kwa bei yake."

Mechi iliyofuata alikuja na kanga. Alidhani ni utani. Tulimwingiza kwa nusu, kweli, na akaivaa mpaka filimbi ya mwisho, maana wanawake wa kwenye nyasi walimzunguka kuhakikisha haivui. Tangu siku hiyo alilipa bei ya wanaume bila neno.

Lakini siku ya kwanza, kabla ya kunifundisha bei, Mama Sekela alinifundisha jambo jingine. Mke wa mtu alifika mlangoni, nikanyoosha mkono kupokea tiketi. Mama Sekela akanipiga kiwiko. "Usianze na tiketi. Muulize kwanza mzee wao yuko upande gani."

Hapa niwaeleze nyie mliokulia mjini. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haketi naye, hapiti njia aliyopo. Akimwona kwa mbali anaingia migombani mpaka mzee apite. Tunaita kutila. Na jina lake halitamki kabisa, hata kama ni jina la mtu mwingine, hata kama ni la mtoto wake mwenyewe aliyerithishwa jina la babu. Si chuki. Ni heshima, ila ni heshima yenye kazi nyingi ya miguu.

Sasa wilaya nzima inataka kuona mpira na kiwanja ni kimoja. Ndiyo sababu ya milango miwili. Wazee juu, kwenye mabati, kwa bei ya juu. Wake chini, kwenye nyasi, kwa nusu. Katikati uwanja mzima. Kutoka ng'ambo mtu ni kanga tu, huwezi kusema huyu ni nani. Sijui kama kuna kamati iliyokaa ikapanga hivyo. Nadhani palijipanga penyewe. Bei ndiyo ilikuwa ukuta. Na mzee mbahili akitaka kujipunguzia kiingilio kwa kuingilia chini, kazi yetu ilikuwa kumrudisha juu. "Mzee, chini wamejaa wakamwana." Alirudi huyo, haraka, akalipa. Bi Mwanahawa alikuwa akisema hakuna timu duniani yenye wakala mzuri wa kukusanya viingilio kama mila ya Wanyakyusa.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeuza vitumbua na chai ya tangawizi. Babu yake alitoka pwani akaja huku kufanya biashara ya nguo, akapapenda, akabaki. Yeye alituona sisi kama sinema. "Kwetu baba mkwe tunampikia pilau," anasema, "nyie mnamkimbia kama nyuki." Lakini alielewa biashara. Meza yake hakuiweka mlangoni, watu wasije wakasimama kunywa na kuziba njia. Aliiweka nyuma ya jukwaa penye upepo, ili harufu ya tangawizi iwafuate wazee kwenye viti, na mvua ikizidi wasiondoke. Mzee mwenye chai mkononi anangoja mpaka dakika ya mwisho. Hilo mlikumbuke, nyie ambao siku hizi mnauza soda ya baridi kwa watu wanaotetemeka.

Na nyasi zile zilikuwa na sauti. Jukwaa lilikuwa la kukohoa na kukosoa. Mpira wenyewe ulishangiliwa chini. Wapiga ngoma waliingia bure, hivyo kila mvivu wa kulipa akageuka mpiga ngoma. Nikaweka sheria: unayedai unapiga, piga hapa hapa nikusikie. Jamaa mmoja alikuja na debe tupu la mafuta. Nikamwambia apige. Akapiga. Wallahi, kama anavyoapa Bi Mwanahawa, lile debe lilisema. Foleni ikaanza kucheza, nikampitisha, na alitupigia miaka mingi mpaka debe likatoboka, tukamchangia jingine.

Aliyeongoza nyimbo alikuwa Tusekile, mwanamke wa Isongole, mkulima wa viazi, mrefu, mwenye koo ambalo Mungu hakulipima. Akipiga kigelegele, golikipa wa wageni aligeuka. Tusekile alikuwa ameolewa kwa Mzee Angolile, na Mzee Angolile alikuwa mpenzi wa timu kuliko wote waliokaa kwenye mabati. Mstari wa mbele, kiti cha mwisho kushoto, mwavuli mweusi kati ya magoti. Basi miaka na miaka, mzee juu, mkamwana chini, kila mmoja anajua mwenzake yupo, hawajawahi kuonana uso.

Tusekile alizaa mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu yake, Angolile. Kwa hiyo mama hakuweza kumwita. Nyumbani alimwita Tata, yaani baba, kama tunavyofanya. Kijana akakua, akawa na mbio, akachukuliwa na timu yetu. Alipewa jezi namba saba, na mama akapumua: sasa ana jina la kupigia kelele. "Saba! Saba!" Ila Saba alikaa benchi msimu mzima. Tusekile akaimba kwa ajili ya watoto wa wenzake, kila mechi, bila kinyongo, jicho moja likiwa kwenye benchi.

Mama Sekela wakati huo alishatutoka, mlango ulikuwa wangu. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya hata kwa sisi tuliozoea. Wiki ya mechi ya mwisho, ukingo wa chini uliteremka. Nyasi, udongo, nguzo za mlango wangu, vyote viliingia kwenye migomba. Katibu wa timu akaja akatazama, akafunga kamba. "Wote wataingilia juu," akasema. "Akina mama tutawapa bei yao ile ile, wasimame ndani ya jukwaa upande wa kulia." Alikuwa mtu mwema na alidhani tatizo ni bei. Nikamwambia, "Na wakwe?" Akakuna kichwa. Naye alikuwa wa huku huku, alijua. "Mama, nifanyeje? Nikate jukwaa na msumeno?"

Asubuhi ya mechi habari zikaenea: winga wetu anaumwa goti, kijana Angolile anaanza.

Nilishika mlango wa juu siku hiyo. Wanawake walifika, wakauliza, wakasikia mzee wao yumo, wengi wakageuza bila hata kunung'unika. Nyimbo ziliondoka moja moja zikiteremka barabara. Waliobaki ni wale ambao wakwe zao hawakuja au walishazikwa. Halafu bodaboda ikasimama, Tusekile akashuka, amelowa mpaka kwenye mifupa.

"Yumo?" akauliza. Hakusema nani.

"Yumo. Mstari wa mbele."

Akatazama chini. Kisha akazunguka jukwaa, akaenda kusimama nyuma ya meza ya Bi Mwanahawa, uso umeelekea ukutani. "Nitakaa hapa. Nitasikia."

"Utasikia nini na mabati haya yanavyounguruma?"

"Nitasikia tu, mama."

Bi Mwanahawa akamsogezea kikombe. "Ingia, dada yangu. Mzee mwenyewe macho yamekwisha, hata hatakuona."

"Yangu yanaona," Tusekile akasema.

Ndani filimbi ilikuwa bado. Nikamkabidhi katibu fimbo ya mpera, nikaenda mpaka mstari wa mbele. Mimi si wa ukoo wao, naweza kusema naye. Nikapiga goti. "Mugonile, tata." Akaitikia bila kuacha kuutazama uwanja.

"Mkamwana wako yuko nje, nyuma ya meza ya vitumbua."

"Nani amemwambia aje kwenye mvua?"

"Mtoto wake anacheza."

"Mjukuu wangu anacheza," akasema, kana kwamba nimemwibia kitu. Vijana wakaanza kuingia uwanjani, na namba saba alikuwa mdogo kuliko wote, soksi moja imeshuka. Mzee akamwona. Akarefusha shingo.

"Nikitoka hapa mimi, yeye ataingia?"

"Ataingia."

"Nimelipia jukwaa."

"Najua, tata. Tiketi nimeichana mwenyewe."

Akasugua magoti yake. Kisha akainuka na mwavuli wake, akatembea taratibu pembeni mwa uwanja mpaka kwenye kona ya kushoto, mbali kule ambako bati linaishia. Akaomba tofali, akakaa juu yake. Akafungua mwavuli, akaulaza upande wa jukwaa, ukamfunika kuanzia kichwa mpaka kiunoni. Kutoka jukwaani uliona mwavuli mweusi na jozi ya viatu. Na yeye kutoka chini ya mwavuli aliona kona ile moja ya uwanja, na zaidi ya hapo majani.

Katibu alimfuata mbio. "Mzee, una kiti chako kule, cha bei."

"Nimenunua tiketi, sikununua kamba ya kunifunga kwenye kiti," mzee akasema.

Tusekile akaingia. Alisimama upande wa kulia kabisa, na kwa dakika chache za mwanzo alishika kanga yake kifuani kama mtu wa msibani. Halafu kijana akapata mpira, na lile koo likafunguka.

Kipindi cha kwanza Saba alicheza ng'ambo, mbali na mzee. Mzee hakuona kitu. Aliona kona tupu na kibendera kinachodondosha maji. Lakini aliinamisha kichwa, na mimi niliyesimama kati ya mlango na kona niliona anasikiliza. Kigelegele kirefu: mjukuu anakimbia. Kikikatika: ameangushwa. Kicheko cha jukwaa: amempita beki. Kila sauti ya mkamwana wake ilimfikia chini ya mwavuli, na viatu vyake vilikuwa vinacheza.

Mapumziko akaniita kwa kidole.

"Watu wanaita jina la mtoto," akasema. "Wote wanaita. Angolile, Angolile. Sauti ya mama yake haimo."

"Itakuwemo vipi, tata? Ni jina lako."

Mvua ilikuwa imekatika kitambo. Mwanga wa jua ulikuwa umegusa mlima Rungwe, na mvuke ulianza kutoka kwenye mabati. Yeye mwavuli hakuufunga.

"Mwambie," akasema, "mvua inanipigia mwavuli. Mimi hapa sisikii kitu chochote."

Nikatazama juu. Anga safi. "Ni kweli, tata," nikasema. "Inapiga sana."

Nikaenda kwa Tusekile, nikamwambia neno kwa neno. "Mvua ipi?" akauliza, akatazama juu naye. Kisha akatazama kule kwenye kona, kile kitu cheusi kilichofunguliwa chini ya jua. Hakuniuliza tena.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana upande, na Saba akaja mbio upande wetu, moja kwa moja kwenye kona ile. Tulikuwa hatujafungana. Jioni ikaingia, watu wakachoka kuimba, hata debe likanyamaza. Ndipo tukapata kona. Kijana akauweka mpira hatua chache kutoka viatu vya babu yake. Akarudi nyuma, akapandisha soksi.

Hapo mama yake akamwita.

Mara ya kwanza ilitoka ndogo, kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole. Mara ya pili jukwaa lote lilinyamaza. "Angolile." Koo zima. "Angolile, mwanangu."

Kijana akageuka. Aliijua ile sauti tangu tumboni, ila hakuwahi kulisikia jina lake ndani yake. Alimtafuta kwenye mabati, akamwona, akabaki amesimama mpaka mwamuzi akampigia filimbi ya kumharakisha. Akapiga.

Msiniulize mpira uliingiaje. Wanasema beki wetu aliruka juu ya wote. Mimi nilikuwa natazama mwavuli, na mwavuli ulikuwa unatetemeka. Uwanja ulipolipuka nikamkimbilia mzee.

"Limeingia?" akauliza.

"Hukusikia?"

"Nimekwambia sisikii kitu. Mvua." Akatoa leso, akajipangusa uso uliokuwa mkavu kwa mvua lakini si kwa mambo mengine.

Tusekile aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho, kwa mlango wa barabarani, kanga kichwani, ili mzee apate njia yake. Mzee alingoja mpaka watu waishe. Ndipo akafunga mwavuli wake na kuuweka kwapani.

Ukingo wa chini haukurudishwa tena. Ikaja sengenge, ukaja mlango mmoja, ikaja bei moja, mkaja nyie na simu. Siku hizi naona mkamwana amekaa na baba mkwe, wanamega kitumbua kimoja na kupiga picha pamoja, nami sikasiriki, nacheka. Miguu ya wanawake imepumzika. Ila sauti ya zile nyasi sijaisikia tena, na sijui mtaiuzia tiketi ya bei gani ili irudi.

Siku yangu ya mwisho mlangoni, Tusekile alikuja kuniaga. Alikuja na mwanawe, sasa ni baba wa watoto, kitambi kinaanza. Mzee alishazikwa miaka. Tusekile akasema, "Saba, mshikie bibi kigoda chake."

Nikamwambia, "Mwanangu, mzee hayupo. Si umwite tu jina lake?"

Akafikiri. "Nililiita siku moja, akageuka," akasema. "Linanitosha."